Milioni 5 kwa bafu la mama: zinatosha, na zianzie wapi?

Swali: Assalaamu alaykum. Nyumba yetu iko Machomanne, Chake Chake, aliijenga marehemu baba. Choo na bafu ni chumba kimoja cha futi 6 kwa 8. Choo ni cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji imepasuka na maji yanatuama. Ukuta unaopakana na chumba cha kulala unabandua rangi. Masika choo kinashuka pole pole, mara nyengine maji yanarudi juu. Mama, bi mkubwa wetu, magoti yamechoka, na mwezi uliopita aliteleza humo. Mimi na ndugu zangu tumechanga milioni 5. Fundi wa kwanza ametwambia milioni 3 na nusu, kila kitu ndani. Wa pili katwambia milioni 7. Kaka yetu aliyeko Muscat anataka kututumia vyombo vya huko, pamoja na hita na hodhi la kukogea. Pesa zinatosha? Tumwamini fundi gani, na vitu tununue Unguja au hapa hapa?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Pole kwa bi mkubwa, na alhamdulillahi kwamba aliteleza akainuka. Mzee wa magoti mabovu anayekwenda chooni usiku kwenye sakafu yenye maji yuko hatarini kila usiku, kwa hiyo hesabu yote nitakayokupa hapa nimeipanga kwa kumtizama yeye kwanza.

Kwa chumba cha ukubwa huo, milioni 5 zinaweza kutoa bafu zima, safi na la kudumu, lakini kwa sharti moja: karo lenu, yaani lile shimo la maji machafu ya chooni, liwe bado linafanya kazi. Hilo hakuna anayelijua mpaka sasa, si fundi wa milioni 3 na nusu wala wa milioni 7, kwa sababu katika maelezo yako sikuona kwamba kuna aliyefunua mfuniko akatizama. Choo kushuka pole pole masika na maji kurudi juu si ugonjwa wa sakafu wala wa marumaru. Ni maji machafu yamekosa pa kwenda. Mkibandika marumaru mapya na kuliacha hilo, masika ijayo maji yatarudi yale yale, safari hii juu ya marumaru ya milioni 5.

Mitaa mingi ya Chake imekaa kwenye vilima na mabonde ya udongo mzito. Si kama ardhi ya mawe ya upande wa Makunduchi kule Unguja, ambako maji ya karo hupotea haraka kwenye nyufa za mwamba, na hilo nalo lina balaa lake kwa visima vya jirani. Udongo mzito hunywa maji taratibu. Kiangazi karo linapata nafasi. Masika udongo umeshashiba, maji ya mvua nayo yanapenya ndani ya karo, na ya chooni yanabaki yanasubiri kwenye bomba. Ndiyo maana tatizo lenu lina msimu.

Kwa hiyo, kabla hamjanunua hata msumari, fanyeni uchunguzi wa mambo mawili. Siku ya mvua kubwa, choo kikiwa kinasumbua, funueni chemba iliyo karibu na nyumba. Mkiikuta haina maji ilhali choo kimesimama, kasoro iko kati ya choo na chemba: bomba limeziba, ni jembamba, au lililazwa bila mteremko. Mkiikuta chemba imejaa hadi mdomoni, kasoro iko mbele yake, na hapo funueni na karo lenyewe. Maji ya karo yakiwa yamefika usawa wa bomba linaloingia, karo ndilo lililoshindwa; yakiwa chini sana, basi ni bomba la kati tu. Nakuomba sana, mtu yeyote asiingie ndani ya karo hata kwa dakika moja, na watoto wakae mbali. Hewa ya karo inaua, na humuua na yule anayeingia kumwokoa wa kwanza.

Uchunguzi wa pili ni wa ule ukuta wa chumba cha kulala. Usiku mmoja jazeni tangi, fungeni maji yanayoingia kutoka bomba la ZAWA (Mamlaka ya Maji), tieni alama kwenye usawa wa maji, na asitumie mtu hata kikombe mpaka alfajiri. Alama ikishuka, kuna pahala panavuja, pengine bomba ndani ya ukuta ule. Isiposhuka, kogeni pahala pengine kwa siku chache. Ukuta ukianza kukauka, basi ni sakafu na pembe za bafu zinazopitisha maji ya kukogea. Majibu ya vipimo hivi viwili ndiyo yatakayokwambia milioni 5 zitakwenda wapi, na hayakugharimu kitu isipokuwa subira.

Sasa mafundi wako. Tofauti baina yao ni sawasawa na bei nzima ya yule wa kwanza. Watu wawili wenye ujuzi wakitofautiana hivyo, ujue kila mmoja amehesabu kazi yake kichwani. Pengine wa kwanza hakuweka dawa ya kuzuia maji wala mabomba ya chini, na wa pili ameweka karo jipya. Usimchague yeyote bado. Andika wewe mwenyewe orodha ya kazi, moja, kwa karatasi, uwape wote wawili waijaze: kubomoa na kutoa kifusi, bomba la maji machafu mpaka chemba, mabomba ya maji safi, sakafu na mteremko wake, dawa ya kuzuia maji, plasta, marumaru, vyombo, umeme, mlango. Kila mstari uwe na ujira peke yake na vifaa peke yake. Fundi anayekataa kugawa bei yake hivyo, mimi nisingempa kazi, hata akiwa wa bei ya chini.

Na huu mtindo wa “kila kitu ndani” siupendi kwa bafu. Fundi akishafunga bei moja, pahala pekee pa kujipatia faida ni pale pasipoonekana: bomba la daraja la chini, mchanga mwingi kuliko saruji, dawa mkono mmoja badala ya miwili. Sisemi mafundi wote wako hivyo. Nasema mtindo wenyewe unamtia mtu mwema majaribuni. Lipeni ujira kwa fundi, vifaa nunueni wenyewe kwa orodha yake, na risiti zibaki kwenu. Mmoja wenu, aliyeko hapo Chake, awe ndiye mwenye daftari. Kila risiti ipigwe picha siku ile ile, ndugu wote waione, yule wa Muscat pia. Pesa ya kuchanga isiyo na daftari huvunja udugu.

Nikichukulia karo ni zima au linataka matengenezo madogo, milioni 5 zenu mimi ningezigawa hivi, ujira wa mafundi ukiwa ndani ya kila fungu. Laki 7 na nusu ziondoeni kabisa, zikae kwa mtu asiyeshawishika, maana nyumba ya zamani ikibomolewa hutoa mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Milioni 1 kwa njia ya maji machafu. Laki 9 kwa kubomoa, sakafu mpya, dawa ya kuzuia maji na plasta. Laki 5 na nusu kwa mabomba ya maji safi, vali na umeme. Laki 8 kwa marumaru, gundi, grauti ya kujazia mistari, na kuyabandika. Milioni 1 iliyobaki ni ya vyombo: sinki la choo, beseni, shawa, koki, vishikio, mlango, taa.

Ukizijumlisha, katika milioni 4 na robo mtakazotumia, karibu milioni 2 na nusu zinafukiwa chini ya sakafu na nyuma ya ukuta. Najua ni vigumu kumweleza hilo ndugu aliyetoa pesa yake akataka kuona kitu kinang’aa. Mpigie picha mabomba kabla hayajafunikwa. Picha hizo mtazihitaji tena siku fundi mwengine atakapotaka kutoboa ukuta.

Bei za madukani sitakuandikia, kwa sababu ya Chake si ya Wete na ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Vipimo ndivyo visivyobadilika, na mwenye vipimo haongopewi. Futi 6 kwa 8 ni kama mita 1.8 kwa 2.4, kwa hiyo sakafu yenu ni mita za mraba 4.3. Mzunguko wa kuta ni mita 8.4, mkibandika mpaka urefu wa mita 2.1 ni mita za mraba 17.6, mkitoa mlango inabaki kama 16. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika. Boksi la marumaru ya sentimita 30 kwa 60 lenye vipande 8 linafunika mita za mraba 1.44 (soma ubavuni mwa boksi, imeandikwa), kwa hiyo ukutani ni boksi 13, na sakafuni, boksi likifunika kiasi hicho hicho, kama 4. Mkitaka kupunguza, bandikeni mpaka juu pale pa kukogea tu, na kuta nyengine zifike mita 1.2, kisha hapo juu rangi ya mafuta. Ukutani mtatumia boksi kama 10 badala ya 13, na bafu halitapungukiwa kitu.

Gundi ya marumaru, mfuko wa kilo 20 hufunika mita za mraba 4 hadi 5, basi mifuko 5 inatosha. Fundi atakwambia uji wa saruji unatosha na ni rahisi. Kwa marumaru yale mazito yanayong’aa, yasiyonyonya maji, usikubali. Baada ya muda yanatoa sauti ya utupu ukiyagonga, kisha yanaachia. Saruji ya sakafu ya unene wa sentimita 5 na plasta ya kuta zote ni kama mifuko 4 ya kilo 50, ongezeni 2 au 3 ya kuzibia mabomba na kutengeneza chemba. Mkiambiwa mifuko 15, ulizeni kwa upole inakwenda wapi. Mchanga kwetu ni mali isiyojirejesha na uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali, kwa hiyo si rahisi, na hapo ndipo mtu huletewa kipolo cha mchanga wa pwani usiku usiku. Msiupokee. Chumvi yake hutoka ukutani unga mweupe miaka nenda rudi, na chuma chochote kilicho karibu kinaliwa.

Kwenye sakafu nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo bafu nyingi zinapoharibikia. Msiweke saruji mpya juu ya ile iliyopasuka. Vunjeni mpaka chini, mlaze bomba jipya la choo la inchi 4 lenye mteremko wa kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita, na bomba la maji ya kukogea la inchi 2 lenye mtego wake wa maji wa kuzuia harufu. Sakafu yenyewe ishuke sentimita moja na nusu hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na tundu liwe upande wa kukogea, mbali na mlango. Ikishakauka ndipo ipakwe dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukienda kinyume cha wa kwanza, ipande ukutani sentimita 30 pande zote na mita 1.8 pale shawa ilipo. Kwenye pembe za sakafu na ukuta atie kitambaa cha wavu ndani ya dawa, maana pembe ndizo zinazopasuka mwanzo. (Anayesoma akiwa ghorofani Mji Mkongwe asiyachukue haya yalivyo. Nyumba za chokaa na boriti zina kanuni zake: saruji nzito hufungia unyevu ndani ya ukuta, maji kidogo tu huozesha boriti, na bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe haliguswi hata jiwe.)

Kisha jaribio ambalo ningependa uliandike kwenye mkataba kwa herufi kubwa. Kabla ya kipande kimoja cha marumaru kubandikwa, zibeni tundu, tieni ukingo mdogo mlangoni, mjaze maji ya kina cha sentimita 3 mpaka 5, mtie alama, mwache saa 24. Alama isishuke kwa kuonekana, na ule ukuta wa chumba cha kulala usitoke unyevu mpya. Ikishuka, fundi anarudia dawa kwa gharama yake. Siku moja hiyo ndiyo rahisi kuliko zote katika kazi nzima, na ndiyo ambayo mafundi wengi wenye haraka huiruka.

Nje, kila bafu liwe na vali yake peke yake, ili siku koki ikiharibika msifunge maji ya nyumba nzima. Ndani, pamoja na shawa, wekeni koki ya ndoo. Maji yetu hayaji saa zote, na bafu lisilo na pa kujazia ndoo ni bafu lililojengwa kwa ajili ya mji mwengine.

Sasa bi mkubwa. Choo kiwe cha kukaa, chenye kimo cha kama sentimita 45 mpaka kwenye kikalio. Vile vifupi vinamlazimisha mtu wa magoti kujitupa. Kando yake na pale pa kukogea, vishikio vya chuma kisichoshika kutu, vilivyofungwa kwa skrubu ndefu kwenye tofali lenyewe, visishikwe na gundi ya marumaru. Mwambieni fundi mapema, ili ajue pa kuvifunga. Marumaru ya sakafu yawe ya kukwaruza, si ya kung’aa, tena vipande vidogo, kwa sababu mistari yake inashika unyayo. Dukani mwagieni maji kipande kimoja mkikanyage kwa mguu mtupu; muuzaji akikataa, nendeni duka jengine. Mlango ufunguke kwa nje, ili akianguka (Mungu apishe mbali) mwili wake usiuzuie. Upana wa sentimita 80, kizingiti kidogo kabisa au kisiwepo, na swichi ya taa iwe nje, pale mkono wake unapofika kabla hajaingia.

Kuna jambo moja ambalo orodha za mafundi hazina. Mzee kuinua mguu mpaka kwenye beseni ili atie udhu ni hatari, na anafanya hivyo mara 5 kwa siku. Mjengeeni kikalio cha tofali cha sentimita 45 pembeni mwa ukuta, na mbele yake koki ya chini ya kutilia udhu. Ni matofali machache na koki moja. Katika bajeti yote hii sijui senti itakayomfaa zaidi.

Na kibla. Kutoka Pemba, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Choo cha kuchuchumaa alichokiweka marehemu baba pengine kimekaa sawa. Mnapokibadilisha kuwa cha kukaa, mafundi hupenda kukiegemeza kwenye ukuta wowote ulio karibu na bomba. Hakikisheni anayekaa anaelekea mashariki au magharibi, na mlihakikishe hilo kabla bomba halijafukiwa. Kukigeuza baadaye ni kubomoa upya.

Hapo hapo ndipo linapokuja suala la kaka yako wa Muscat. Moyo wake ni mzuri na msimvunje, lakini asinunue sinki la choo kabla hamjampa vipimo. Kuna masinki yanayotoa maji kwa chini na yanayotoa kwa ukutani, na yale ya chini yanatofautiana umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu: mengine sentimita 30, mengine pungufu. Likija lisilolingana, mtatoboa sakafu mpya. Pia likiharibika kidude cha ndani ya tangi la kuvutia maji, Chake kipatikane. Mimi ningemwomba alete vitu vidogo vinavyobebeka na vyenye ubora: vali za shaba, shawa nzuri, mpira wa kujisafishia, vishikio vya chuma. Tangi la kuvutia maji liwe la vitufe viwili, la lita 3 na 6. Hapa ubora si anasa, kwa sababu kila lita inayoingia chooni karo lenu lazima liimeze.

Hodhi la kukogea hapana. Chumba ni kidogo, kuvuka ukingo wake ndiko wazee wanakovunjikia nyonga, na maji yake mengi yatakwenda kwenye karo lile lile. Hita nayo isubiri. Ile ya papo hapo ya kilowati 5 na nusu huvuta kama ampia 24, kwa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita za mraba 4 au 6, waya wa ardhi wa kweli, na kikata umeme cha miliampia 30 kinachomlinda mtu aliyelowa. Tena nyingi haziwaki kama maji hayana msukumo, na tangi likiwa mita 3 juu ya shawa msukumo wake ni mdogo sana, bari 0.3 tu. Kipupwe kikimsumbua bi mkubwa, birika la maji ya moto na ndoo vinatosha kwa sasa. Lakini wekeni leo bomba tupu la kupitishia waya, na bomba la maji ya moto ndani ya ukuta. Ni gharama ndogo sasa, na mwakani hamtavunja marumaru.

Unguja au Pemba? Saruji, mchanga na mabomba makubwa nunueni hapo Chake au Wete bila kufikiri. Marumaru pigeni hesabu: boksi 17 ni zaidi ya kilo 400. Chukueni tofauti ya bei ya boksi baina ya Mwanakwerekwe na Chake, mzidishe kwa 17, kisha mtoe nauli ya meli, wachukuzi wa pande mbili, gari kutoka Mkoani, na boksi moja la kuvunjika. Mara nyingi kinachobaki hakilingani na usumbufu. Popote mtakaponunua, chukueni yote siku moja na mhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi ni moja, kwa sababu rangi hutofautiana toleo na toleo, na ukirudi mwezi unaofuata hulipati lile. Dawa ya kuzuia maji na vali nzuri, kama hapo hazipo, hizo ndizo za kuagizia Unguja. Ni nyepesi na zina thamani.

Wakati: masika ni wa kuchunguza, si wa kujenga. Msimu wa karafuu nao ukipamba moto vibarua wanapanda mikarafuu, na ujira unapanda nao. Ramadhani fundi hawezi kazi ya kubomoa akiwa na swaumu, wala si haki kumtaka. Tafuteni wiki 3 za ukavu nje ya nyakati hizo. Katika wiki hizo nyumba haina choo, na hilo ni fungu la bajeti: ama bi mkubwa ahamie kwa mmoja wenu, ama mfanye kibanda cha kukogea uani na mwombe choo kwa jirani. Msipolipanga, fundi ataharakishwa na shida yenu, na sakafu ndiyo itakayolipa.

Ujira mlipeni kwa hatua: robo baada ya kubomoa na mabomba kulazwa, robo baada ya jaribio la maji la saa 24, robo na kidogo marumaru yakishakaa, na kilichobaki wiki mbili baada ya kuanza kutumia. Nauli na chakula cha kila siku ni jambo jengine, mkubaliane mapema.

Sasa, ikiwa mtafunua karo mkakuta ndilo lililoshindwa. Gari la kunyonya litawapa nafuu ya muda, ila kwenye udongo wenu litajaa tena mvua zikirudi. Dawa ni kuchimba la pili na kuliunganisha, mbali na kisima chochote, wenu au wa jirani, na kwanza muulizeni Baraza la Mji utaratibu. Hapo milioni 1 ya maji machafu haitatosha. Msikope, na msiguse fungu la sakafu wala la dawa. Punguzeni marumaru ya ukutani mpaka pa kukogea tu, mlango wa zamani ugeuzwe badala ya kununuliwa mpya, kisha akiba ndiyo iingie. Beseni la kunawia linaweza kusubiri karafuu za mwakani. Vishikio, sakafu ya kukwaruza na kile kikalio cha udhu visisubiri.